Kipwa inatayarishwa mwezi wa 3
Maneno ya komite kwenye mkutano wa bustani, Mutoshi



Wengi wetu tulilimaka mboga kule Meheba, upande wa Solwezi, mu Zambia. Baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 tuliijua. Tuliporudi hapa tukaisahau, juu ya haraka ya kupata chakula.

Kipwa iliyopita, asubuhi moja, tulikuta lengalenga na tomati za dembo zimekuwa nyeusi, sawa vile zimemwagiwa maji ya moto. Bustani za juu, karibu na nyumba, hazikuguswa. Sababu ni hii: Kolwezi iko juu, mita karibu 1,400. Usiku bila mawingu udongo unapoteza joto mbio, na hewa ya baridi ni nzito. Inateremka kama maji, kiisha inalala mu dembo.

Basi tufanye hivi.

Moja: shu na kitunguu njo mboga za baridi. Tuzisie kitaluni mwezi wa 3, mvula ingali inanyesha. Shu tuihamishe mwezi wa 4, kitunguu kifuate, ili baridi ikute mizizi imeshika. Ukihamisha mwezi wa 6, mche unakaa tu, haukui.

Mbili: lengalenga, tomati na matembele tupande kwenye mteremko. Chini ya dembo, hapana.

Tatu: mbele ya jua kuzama, funika tuta na nyasi kavu juu ya vijiti, zisiguse majani. Jua likipanda, ondoa. Maji tumwagie mchana, chini kwenye udongo. Udongo wenye maji unashika joto, lakini majani yasilale yamelowa.

Sasa neno gumu. Bamama ambao mboga zao ziliungua walikopa mbegu kwenye kese yetu. Kuna wanaosema walipe feza, deni ni deni. Tuseme ya kweli: baridi haikuchagua mvivu, ilichagua mahali. Na ile mahali ya dembo, nani aliwagawia? Njo sisi komite.

Kwa hiyo tunaomba hivi: deni walipe na miche ya shu, mwezi wa 4, kila mmoja kwa nguvu yake. Ile miche tutapatia familia zinazorudi mwaka huu, maana wao nao watafika mikono mitupu, sawa vile sisi tulifikaka.

Mukubali leo, tugawe mbegu. Mwezi wa 3 hautatungoja.