Njia ya Namugongo ilipita Tabora

Ndugu wasikilizaji, majuma mawili yaliyopita niliitwa Lusu, wilayani Nzega, kwenda kusuluhisha shauri la ng'ombe. Watu wa mjini wakitajiwa Lusu hukumbuka dhahabu ya mgodi wa Golden Pride, ambao ulianza kuchimbwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na sasa umefungwa. Shauri langu halikuhusu dhahabu. Lilimhusu shangazi yangu, mjane aliyevuka miaka sabini, mwenye ng'ombe watatu, ambaye alikusudia kumuuza mmoja ili apate nauli ya kwenda kuhiji Namugongo, nchini Uganda, ifikapo tarehe 3 Juni.

Wanawe walikuwa wamekataa katakata. Paa linavuja, walisema. Mjukuu anahitaji sare na madaftari. Na isitoshe, kwa nini mama mtu mzima asumbuke siku mbili ndani ya basi, na hati ya dharura ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mkobani, akimfuata Mungu ambaye hukutana naye kila Jumapili hapo hapo nyumbani? Wakaona heri niitwe mimi, mtu wa redio, ninayelipwa mshahara kwa kusema.

Basi nikasema. Nadhani nilisema vizuri, maana hata jirani aliyekuja kuazima ungo alikaa kunisikiliza. Shangazi aliniacha nimalize, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mwaka ule uliposafiri kwenda Dar es Salaam kutazama Simba na Yanga, kwani redio yako ilikuwa imeharibika?"

Nilikunywa uji wangu kimya.

Ndugu wasikilizaji, sisi wa mjini tumezoea kuipigia hesabu safari ya maskini. Mwenye fedha akienda Roma, Lourdes au Nchi Takatifu, humpokea uwanja wa ndege kwa shada la maua na kumwomba rozari. Mjane wa Lusu akitaka kwenda Uganda, huitishwa kikao cha ukoo. Ndugu zetu Waislamu wana utaratibu ulio wazi katika jambo hili: hija ya Makka ni wajibu wa mwenye uwezo, na asiye na uwezo halaumiwi. Kanisa Katoliki halimlazimishi mtu kwenda kuhiji popote. Anayekwenda anakwenda kwa kupenda, na jambo la kupenda ni gumu kulitilia mizani.

Kwa wasioijua Namugongo, nieleze kidogo. Mahali hapo, nje kidogo ya Kampala, palikuwa pa kunyongea watu wa Kabaka. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana wa ikulu yake walichomwa moto hapo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, kwa kuwa walikataa kuiacha imani yao na kukataa matakwa maovu ya mfalme wao. Kiongozi wa vijana Wakatoliki alikuwa Karoli Lwanga. Yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba 1885, yaani miezi saba tu kabla ya kufa, na usiku ule walipojua kwamba kumekucha kwao, ndiye aliyewabatiza wenzake kadhaa, akiwamo Kizito, aliyekuwa kijana mdogo kuliko wote. Wengine waliuawa kwingine, kabla na baada ya siku hiyo, toka Novemba 1885 mpaka Januari 1887. Wakatoliki wote kwa jumla ni 22, na Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu Oktoba 1964. Mwaka 1969 alifika Namugongo mwenyewe. Yohane Paulo II akafika mwaka 1993, na Fransisko mwaka 2015. Kanisa lililojengwa hapo limewekewa nguzo 22, na umbo lake ni la nyumba ya msonge.

Hayo shangazi anayajua kwa moyo kuliko mimi. Nilichoweza kumwongezea ni kitu kimoja tu, nacho ndicho kilichonileta mbele ya kipaza sauti leo: habari ya namna imani hiyo ilivyofika Buganda.

Haikushuka kutoka mawinguni. Ilipita Tabora, kichwani mwa Mnyamwezi.

Mwezi Juni 1878, wamisionari kumi wa shirika la Kardinali Lavigerie, ambao sisi tuliwaita Mapadre Weupe, waliondoka Bagamoyo kwa miguu. Njia yao ilikuwa ile ile ya misafara ya pembe na ya watumwa: Ugogo, kisha Unyanyembe, yaani Tabora. Mmoja wao, Padre Pascal, alifia njiani kabla hawajafika. Waliobaki waligawanyika Tabora. Kundi moja lilielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na la pili, chini ya Padre Livinhac, likashika njia ya kaskazini mpaka Kageyi, kusini mwa Ziwa Viktoria. Kutoka huko Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakatua Entebbe mwezi Februari 1879. Huyo Lourdel ndiye Waganda waliyemwita Mapera, na ndiye aliyewafundisha wengi wa mashahidi wale.

Sasa jiulizeni, vitabu, divai ya misa, nguo, dawa na zawadi za wafalme vilifikaje? Gari halikuwapo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Punda na ng'ombe wa kukokota waliangamizwa na mbung'o. Kila kitu kilibebwa na mpagazi, mzigo wa frasila mbili begani au kichwani, miezi mitatu kutoka pwani mpaka Tabora, na wapagazi wengi na mashuhuri kuliko wote katika njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Wamisionari waliandika barua na shajara, na majina yao tunayo, hata la yule aliyefia njiani. Majina ya wapagazi wao mimi nimeyatafuta bila kuyapata.

Nilipomweleza hayo, shangazi alisimama kupanga kuni jikoni. Akasema babu wa baba yake alikuwa mtu wa safari za pwani, alikwenda mara nne, na mara ya nne hakurudi. Jambo hili sikuwa nimelisikia hata siku moja katika ukoo wetu. Alibeba mzigo wa nani, hakuna ajuaye. Labda wa Mwarabu, labda wa Mzungu, labda pembe za mtemi. Sitaki kuwadanganya kwamba alibeba divai ya Mapera. Lakini shangazi alinitazama akauliza: "Kumbe huko Namugongo nitakuwa mgeni wa nani?"

Kuna kisa kingine ambacho ningependa mahujaji wetu wakijue kabla ya kuvuka mpaka. Mwaka 1882 mapadre waliona hatari Buganda, wakarudi kusini mwa ziwa na kuanzisha misioni Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurejea Buganda mpaka 1885. Kwa miaka hiyo takriban mitatu Wakristo wa Buganda walikaa bila padre, wakifundishana wenyewe kwa wenyewe, na idadi yao ikaongezeka. Kisha, mwaka 1888, Mwanga yule yule aliyewachoma vijana alipinduliwa. Alikimbilia kusini, akafikia Magu mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiarabu, hakuridhika na alivyotendewa, akatoroka. Mnadhani alikwenda wapi kuomba hifadhi? Alikwenda Bukumbi, kwa mapadre. Nao walimpokea, miaka miwili tu baada ya moto wa Namugongo.

Kwangu mimi, hapo Bukumbi palitokea jambo zito sawa na la Namugongo. Kufa kwa ajili ya imani ni jambo kubwa. Kumfungulia mlango aliyewaua watoto wako wa ubatizo, sijui niliweke daraja gani. Hata hivyo mabasi ya mahujaji hupita jirani na Bukumbi bila kusimama. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, njia ya kwenda Geita, Bukoba na Mutukula ni laini, na dereva ana haraka. Tunakwenda ng'ambo kutafuta patakatifu, na kwetu tunapita tumelala, vichwa dirishani. Nani kati yenu amewahi kwenda Karema kuliona kaburi la Adriano Atiman, aliyekombolewa utumwani, akasomea uganga Malta, akawatibu watu wa kando ya Ziwa Tanganyika tangu 1889 mpaka alipofariki mwaka 1956?

Nisiwasahau pia wale wanaoitwa waratibu wa safari. Wengi ni waaminifu. Lakini nafahamu kikundi kimoja cha akina mama ambao walitoa fedha zao mwaka jana kwa mtu aliyekuwa na daftari zuri na muhuri, na siku ya safari walikaa na mabegi yao barabarani mpaka jua likazama. Shangazi yangu nimemwambia atoe fedha parokiani, apewe stakabadhi, na aisome mwenyewe. Kusoma anajua, alijifunzia katika madarasa ya watu wazima, miaka ya 1970.

Ng'ombe ameuzwa mnadani Jumamosi iliyopita. Kiongozi wa msafara wao, baada ya mimi kumpigia simu mara tatu, amekubali basi lisimame Bukumbi kwa saa moja. Shangazi amenunua kitenge na viatu vya raba, na katika karatasi ya nia za kuombea ameandikisha jina la yule mzee wa safari za pwani. Imebaki habari ya paa. Kikao cha ukoo kimeamua kwamba mabati atanunua yule aliyeitwa kumzuia asiende, akashindwa.