Chakula cha Nusu Mwaka

Leo twawaalika mbali sana, hadi Alaska huko Marekani, tutazame mambo ya ajabu aliyoyaumba Mungu katika mto mfupi uitwao Brooks, ndani ya hifadhi ya Katmai. Mto huu haufiki hata kilomita tatu, nao waunganisha maziwa mawili. Tangu mwaka 2012 kamera zimewekwa kandokando yake, na kwa njia ya intaneti hata sisi tulio Kenya twaweza kuwaona dubu wa kahawia wakila samaki waitwao samoni.

Mwezi wa Julai dubu husimama penye maporomoko wakiwadaka samoni warukao. Lakini sisi twataka kusema habari za Septemba. Samoni, tangu walipotoka baharini na kuingia maji matamu, wameacha kula kabisa. Wamepanda mto kwa nguvu za miili yao tu, wamegeuka rangi kuwa wekundu, wamekwisha kutaga katika changarawe, na sasa wanakufa. Wangekufa hata kama pasingekuwapo dubu hata mmoja. Yeye hutembea polepole majini, akiwaokota waliochoka.

Ukimtazama utasema, "Lo, mlafi huyu!" Tumbo lakaribia kuburura chini, dume kubwa laweza kupita kilo 450. Tena samaki wakiwa tele huchagua: hula ngozi, ubongo na mayai, penye mafuta mengi, na nyama akaiacha. Kwetu mtoto wa kula hivyo mezani angekiona! Hata hivyo tusiharakishe kumhukumu. Mabaki yale ni chakula cha shakwe na tai, na yaozayo ukingoni huirutubisha miti. Wataalamu wameikuta naitrojeni ya baharini ndani ya miti ya kando ya mito ya samoni.

Naye dubu anangojewa na karibu nusu mwaka wa kulala pangoni bila kula wala kunywa, na huko atapoteza kama theluthi ya uzito wake. Jike ana mzigo zaidi. Asiponenepa vya kutosha, mimba yake haiendelei. Akinenepa, atazaa mwezi wa Januari au Februari, katikati ya theluji, naye atawanyonyesha watoto wake kwa mafuta ya samaki wa Septemba, huku mtoni, chini ya changarawe, mayai ya samaki hao yakianguliwa.