Mfuko wa Jamii ni wa Dharura Tu

Msikilizaji wa Sumbawanga na Ufipa yote, mahindi yana msimu wake. Ugonjwa na msiba havina.

Ndiyo maana vikundi vya kuweka na kukopa huwa na mfuko wa jamii. Kwenye mkutano mwanachama hununua hisa, kisha huchangia kiasi kidogo kwenye mfuko huo. Fedha za hisa hukopeshwa. Za mfuko wa jamii hazikopeshwi kwa biashara. Ni za dharura tu.

Mtindo huu wa vikundi ulianzia Niger mwaka 1991, kupitia shirika la CARE. Fedha huwekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti.

Mkikutana, hesabuni mfuko huo peke yake. Andikeni kwenye katiba dharura zinazosaidiwa, na kiasi chake. Kikundi hakijasajiliwa? Nendeni halmashauri.