Nyumba Imebadilika, Moto Ni Ule Ule

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Lafey

Leo hatukuja kuongea juu ya maji wala juu ya mbuzi. Tumekuja kuongea juu ya jiko la makaa. Kila mmoja wetu analo nyumbani, na linaweza kuua watu wa nyumba nzima kwa usiku mmoja, wakiwa wamelala, bila hata mmoja kuita jirani.

Mtatuuliza: mbona nyanya zetu waliwasha moto ndani miaka yote na hawakufa? Swali hilo ni zuri, na jibu lake liko kwenye nyumba. Aqal ya zamani ni miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka. Upepo unaingia huku, unatokea kule. Nyumba ile inapumua. Lakini siku hizi, hapa Lafey kama vile Elwak, Mandera na Garissa, watu wanajenga kwa mawe au matofali, mabati juu, mlango wa chuma na dirisha dogo. Mvua za Aprili au za Novemba zikija, tunaziba hata ule upenyo uliobaki kwa nguo na nailoni. Nyumba hiyo haipumui. Nyumba tumebadilisha, lakini moto tunaouingiza ndani ni ule ule.

Sasa, makaa yakiwaka mahali penye hewa kidogo, yanatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Wengi wetu tunaogopa moshi, na moshi ukiisha tunasema jiko sasa ni safi, tuliingize ndani. Hapo ndipo tunapojidanganya. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa sumu. Na yale tunayofunika kwa majivu ili yafike asubuhi ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu yanawaka polepole bila hewa ya kutosha.

Inaua namna gani? Damu yetu inabeba hewa safi kutoka mapafuni kwenda mwilini kote. Sumu hii inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi. Damu ikishajaa sumu, hewa safi haina mahali pa kukaa. Ubongo na moyo vinakosa hewa. Mtu anasikia usingizi mzito, miguu inalegea, na hata akitambua kuna shida hawezi kuufikia mlango.

Kuna watu ambao tunawahofia zaidi. Mama akijifungua, kwa desturi hukaa ndani siku 40 na mtoto wake, na dabqaad yenye makaa na uunsi huwashwa humo. Desturi hiyo ni nzuri, inampa mama mapumziko na heshima, na hatukuja kuikataza. Tunasema tu: katika aqal, moshi wa dabqaad ulipata njia ya kutoka. Katika chumba cha mawe kilichofungwa, mama na mtoto wanaivuta sumu pamoja. Mwenye mimba naye yuko hatarini zaidi, maana sumu inamfikia mtoto tumboni, na damu ya mtoto huchelewa kuitoa kuliko ya mama. Basi fukizeni mchana, mlango na dirisha vikiwa wazi, halafu dabqaad itolewe nje kabisa. Mtoto apewe joto la kifua cha mama na blanketi, si la makaa.

Dalili zake ni zipi? Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea, akili kuchanganyikiwa. Tunajua mnachofikiria: hiyo si malaria? Ndiyo maana watu wengi wanakosea. Angalieni mambo matatu. Je, watu wa nyumba moja wameugua kwa wakati mmoja? Je, wakitoka nje wanapata nafuu? Je, hawana homa? Kama ni hivyo na kulikuwa na moto ndani, shukuni jiko kwanza.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka, na wewe usikae ndani. Halafu apelekwe hospitali hata akisema amepona. Akivuta hewa ya kawaida, sumu katika damu inachukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu tu. Kwa oksijeni ya hospitali ni kama saa 1 na nusu. Maziwa hayaondoi sumu hii. Tena, sufuria ya maji kando ya jiko haiinyonyi. Msiitegemee.

Wengine mmeanza kutumia gesi, ile mitungi ya kilo 6. Ni jambo jema, lakini hatari yake ni ya namna nyingine. Gesi imetiwa harufu ili tujue inapovuja, nayo ni nzito, inatambaa chini sakafuni. Mlisikia habari za Embakasi, Nairobi, Februari 2024, lori la gesi lilipolipuka usiku, watu wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Ukisikia harufu, usiwashe kiberiti wala swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango, toka. Kupima kama mpira unavuja, tumia povu la sabuni, kamwe si moto. Na mwali wa gesi uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na sufuria inakuwa nyeusi, gesi nayo inatoa sumu ile ile ya makaa. Jenereta ya duka pia ikae nje, mbali na dirisha la mtu, hata kama mvua inanyesha. Ijengewe kibanda chake.

Sasa kikundi kifanye nini? Kwanza, tukubaliane sheria moja: makaa yenye moto hayalali chumba kimoja na mtu. Dirisha lililo wazi linasaidia wakati wa kupika, lakini halitoshi kumlinda mtu aliyelala. Pili, anayejenga amwambie fundi aache nafasi kati ya ukuta na mabati, na aweke madirisha mawili yanayotazamana. Waya wa mbu unaweza kuwekwa hapo, na hewa itapita. Tatu, mnazo ayuuto zenu. Zamu moja inaweza kumtobolea dirisha mwanachama asiye na uwezo, hasa mwenye mimba. Nne, kabla ya mvua, wanachama wawili wawili wapite kila nyumba ya kikundi waone jiko linakaa wapi usiku.

Kazi hizi hazihitaji kungoja mfadhili. Leo jioni, kabla ya kufunga mlango, kila mmoja atoe jiko lake nje, kisha amuulize jirani: la kwako liko wapi?