Kisukari na Mishipa ya Miguu



Wenye kisukari huuliza: "Damu imejaa sukari, mbona sina nguvu?" Jibu liko kwenye misuli. Tukishakula, kongosho hutoa insulini. Kazi yake mojawapo ni kufungua vimishipa vidogo vya damu ndani ya misuli ili sukari ifike. Unene ukizidi, au kisukari kikiingia, vimishipa hivyo haviitikii sawasawa. Ni kama mfereji uliojaa maji lakini michepuo ya kuingia shambani imeziba: maji yanapita, mahindi yananyauka.

Sasa basi, tufanyeje? Misuli ikifanya kazi hufungua vimishipa vyake yenyewe, ikavuta sukari bila kungoja insulini. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linahimiza watu wazima watembee kwa haraka, au kufanya kazi za namna hiyo, angalau dakika 150 kwa wiki. Gulioni twende kwa miguu. Lakini dawa ulizoandikiwa usiziache.

Na wewe ambaye kigimbi kinauma ukitembea, kinatulia ukisimama, usiseme "uzee huo". Pengine mishipa mikubwa inaziba. Nenda ukapimwe mapema. Kuchelewa kunakata miguu ya watu.