Binti Yetu Atalala Wapi?

Somo: Ruthu 2:1–23

Leo tunataka kusema na wazazi wenye binti aliyepata nafasi katika chuo kikuu, na binti mwenyewe, kama yuko karibu na redio asogee asikie.

Barua ya chuo inapofika nyumbani kuna furaha kubwa. Watu huimba, mbuzi huchinjwa, na kanisani tunamsimamisha mtoto mbele tumwombee. Twauliza amepata masomo gani. Twauliza karo ni kiasi gani. Lakini ni wachache wanaouliza: Je, huyu binti atalala wapi, na atapita njia gani kurudi kulala?

Naomi aliuliza. Ruthu alipokuwa mgeni Bethlehemu alikwenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji, akarudi jioni na shayiri yapata efa moja. Mama mkwe wake hakuitazama shayiri tu. Alitaka kujua ilikotoka, yaani shamba la nani. Aliposikia ni la Boazi, alimwambia binti yake ni vema afuatane na wasichana wa Boazi, asije akapatikana na mabaya katika shamba la mtu mwingine. Naomi alikuwa mwanamke maskini, lakini alijua kwamba chakula kilichopatikana mahali pa hatari kina gharama nyingine isiyopimwa kwa efa.

Ndugu zetu, twasema haya kwa sababu sisi wenyewe tulikosea. Miaka kadhaa iliyopita baba mmoja wa usharika wetu, mkulima wa chai, alitujia na karatasi. Binti yake alikuwa amekosa kitanda katika hosteli za chuo, naye alikuwa ameona vyumba viwili vya kupanga. Kimoja kilikuwa kando ya barabara yenye taa na maduka. Cha pili kilikuwa mbali kidogo, baada ya kijia kinachopita penye nyumba zisizokwisha kujengwa. Tofauti ilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Binti alikuwa amesema katika simu kwamba kile kijia hakipendi. Sisi tukamwambia baba, shilingi elfu mbili kwa mkulima si mchezo, achukue cha bei nafuu, nasi tutamwombea.

Haikupita miezi miwili. Alitoka maktaba saa mbili na nusu usiku, na penye kile kijia wanaume wawili wakamnyang'anya mkoba na simu, wakamkata mkononi kwa kisu. Alirudi nyumbani akisema masomo basi. Tulikwenda kumwona, na neno la kwanza lililotutoka, Mungu atusamehe, lilikuwa hili: "Ulikuwa unatafuta nini nje saa hizo?"

Akatutazama akajibu, "Pasta, nilikuwa nikisoma."

Hatujasahau jibu hilo. Tulimtuma kusoma, kisha tukamwuliza kwa nini alikuwa akisoma. Jua letu hutua kabla ya saa moja, na masomo ya jioni huendelea baada ya hapo. Mwanafunzi asiyetembea gizani hata kidogo ni mwanafunzi asiyemaliza kazi yake.

Wazee wetu hutuambia kwamba zamani, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokuwa peke yake nchini, tangu 1970 hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984, chumba na chakula vilikuwa sehemu ya masomo. Leo vyuo ni vingi na wanafunzi wamezidi vitanda. Basi watoto wetu wanapanga vyumba Kahawa Wendani karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, Gachororo kule Juja, Ngara jijini Nairobi, Njoro karibu na Egerton. Mahali hapa si pabaya pote, wala si pazuri pote. Mtaa mmoja una kona njema na kona mbaya, na hatua mia mbili zaweza kuleta tofauti.

Kwa hiyo yatupasa kuchagua kwa akili. Kwanza, nafasi ya hosteli ya chuo iombwe mapema kabisa, kabla ya kutafuta nje. Ikikosekana, chumba kionwe mara mbili: mchana, na tena saa mbili usiku pamoja na mwenzake au mzazi. Tembeeni kwa miguu kutoka geti la chuo mpaka mlangoni. Tazameni taa ziko wapi na zinaishia wapi. Tazameni kama kuna mama auzaye mboga au kioski kilicho wazi saa hizo, maana njia yenye watu wanaokufahamu ni afadhali kuliko njia fupi.

Pili, ulizeni wasichana waliokaa pale mwaka mzima. Wakala wa nyumba atasifu kila chumba. Ulizeni: Nani ana ufunguo wa pili? Je, kufuli laweza kubadilishwa? Geti hufungwa saa ngapi, na aliyechelewa hufunguliwa na nani? Maji na choo viko ndani au nje? Kama choo kiko nje, hiyo nayo ni safari ya usiku. Vyuma vya dirishani ni vizuri, lakini moto ukiwaka mtatokea wapi? Wala msitume pesa kwa M-Pesa kwa mtu msiyemwona, kwa ajili ya chumba msichokiona.

Tatu, pigeni hesabu yote. Chumba cha bei nafuu, ukiongeza nauli ya bodaboda kila jioni, mara nyingi si cha bei nafuu tena. Wasichana wawili au watatu wakichanga wanaweza kupata chumba kizuri kando ya barabara, na tena wanatembea pamoja. Boazi alimwambia Ruthu akae karibu na wasichana wake, asiende peke yake.

Lakini angalieni jambo jingine alilofanya Boazi. Hakumwonya Ruthu tu. Aliwaagiza vijana wake wanaume wasimguse. Sisi twawahubiria wasichana sana juu ya tahadhari, na vijana wetu wa kiume twawahubiria lini? Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu walitembea Nairobi na katika miji mingine ya Kenya, wakiwalilia wanawake waliouawa. Mmoja wa waliouawa mwezi huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, naye aliuawa ndani ya chumba, si njiani. Taa ya barabara haifiki huko. Huko hufika tu lile ambalo mwanaume alifundishwa nyumbani kwake.

Na ikitokea msichana amedhulumiwa kimwili, asioge kwanza, wala asifiche. Aende hospitali upesi, kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa za kuzuia Ukimwi hutolewa ndani ya muda huo. Aweza kupiga simu 1195 bila malipo, au polisi 999. Nasi tunaompokea, tusianze na lile swali baya. Tumwambie: Umefika nyumbani.

Yule binti wa mkulima alirudi chuoni. Akina mama wa usharika walisikia, wakachanga zile shilingi elfu mbili kila mwezi mpaka mwaka ukaisha, akahamia barabarani pamoja na wenzake wawili. Amemaliza masomo, sasa anafanya kazi. Mkono ulipona, ingawa hata leo akisikia hatua nyuma yake husimama ampishe mtu apite. Kila tumwonapo kanisani twakumbuka kwamba maombi yetu ya siku ile yalikuwa ya bei nafuu kuliko chumba.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemwongoza mgeni hadi shamba jema, uwalinde binti zetu waingiapo na watokapo. Utupe sisi wazazi masikio ya kuwasikia wasemapo kwamba njia ina hatia. Uwafundishe wana wetu kuwa ulinzi, wasiwe hofu. Nasi utufanye majirani wanaoacha taa ikiwaka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.