Mwanafunzi wa Chuo na Karatasi Yake ya Habari

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba watu wote wamekaa karibu na redio, na taa iwe mahali ambapo kila mtu aweza kuiona karatasi yake. Leo tutazungumza habari za kijana aliye chuoni, ambaye huku akisoma huandika pia karatasi ya habari kwa ajili ya watu wengine.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Jambo hilo latuhusu nini sisi tulioanza kusoma juzi?" Latuhusu sana. Wengi wenu ndio mnaolipa ada ya kijana huyo. Tena ninyi ndio wasomaji wake.

Huku kwetu vyuo si vitu vya mbali. Kasulu kuna Chuo cha Ualimu, na kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Kibondo nako kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vya maendeleo vilianza mwaka 1975, nchi ya Sweden ikisaidia, ili watu wazima na vijana wapate elimu na ufundi wa kuwafaa vijijini.

Basi tufikirie mzazi mmoja wa Kibondo. Ameuza magunia yake ya maharage, naye amempeleka binti yake chuoni Kasulu kusomea kilimo. Miezi michache ikapita. Msafiri mmoja akaja na habari: "Binti yako ni hodari! Kila juma huandika karatasi na kuibandika ubaoni, na nakala nyingine hufika hata sokoni." Mzazi hakufurahi. Alisema, "Nilitoa maharage yangu asome. Sikuyatoa aandike magazeti."

Mzazi huyu hasemi upuuzi. Maharage ni jasho. Mwanafunzi akishindwa mtihani, maharage hayarudi ghalani. Lakini kabla ya kumkataza binti, tufanye hesabu kidogo. Chukueni kalamu.

Juma moja lina saa 168. Akilala saa 8 kila usiku, usingizi huchukua saa 56. Zimebaki 112. Masomo darasani, saa 7 kwa siku, siku 5, ni saa 35. Zimebaki 77. Kujisomea jioni, saa 3 kwa siku 6, ni saa 18. Zimebaki 59. Kupika, kula, kufua, kuteka maji na kusali, tuseme saa 5 kila siku, ni saa 35. Zimebaki saa 24. Sasa karatasi moja ya habari yataka saa ngapi? Saa 2 za kuuliza watu, saa 2 za kuandika, na saa 2 za kusahihisha na kunakili. Jumla ni saa 6. Kwa hiyo nafasi ipo, na hata ya kupumzika ipo.

Mbona basi wanafunzi wengine huharibikiwa? Kwa sababu kazi ya kuandika ina mwisho, lakini kazi ya kungoja sifa haina mwisho. Mwandishi hupita mbele ya ubao mara ishirini kwa siku kutazama nani anasoma. Siku hizi wengine huandika kwa simu, na hapo hatari ni kubwa zaidi, maana simu humwonyesha kila dakika nani amesoma na nani amejibu. Anaitazama darasani, anaitazama akila, anaitazama usiku wa manane. Saa 6 zinakuwa 30. Huyo ndiye anayekula maharage ya mzazi wake bure.

Kwa hiyo mzazi asiulize tu, "Je, unaandika?" Amwulize binti yake, "Unaandika siku gani, na unamaliza saa ngapi?" Akijibu, "Jumamosi, kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana, kisha naacha," aandike kwa heri. Akishindwa kutaja siku, hapo pana shida. Na majuma ya mitihani yakifika, ubao ukae wazi. Wasomaji watangoja, lakini mtihani haungoji.

Swali la pili ni hili: "Unaandika habari gani?" Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko lile la saa. Mwanafunzi aandikaye habari za mpira na nani kavaa nini ana kazi mbili, kila moja ikivuta upande wake. Lakini mwanafunzi aandikaye yale yale anayofundishwa ana kazi moja tu, ameifanya mara mbili.

Turudi kwa binti yetu wa kilimo. Juma hili amefundishwa ugonjwa wa mihogo uitwao michirizi ya kahawia. Jioni anaandika hivi: "Mhogo waweza kuwa na majani mazuri, kumbe ndani umeoza. Kata mzizi. Ukiona madoa ya kahawia magumu, usichukue shina la mhogo huo kwa kupanda. Usimpe jirani shina hilo. Tafuta mbegu safi. Inzi weupe wadogo nao huchukua ugonjwa huu toka shamba hadi shamba."

Sentensi hizi ni fupi. Lakini jaribuni kuziandika bila kulielewa somo! Mtu asiyeelewa hujificha nyuma ya maneno makubwa. Atasema "mikakati ya udhibiti" kwa sababu hajui kama mhogo ung'olewe au uachwe. Mwandishi wa chuo aichukue karatasi yake nyumbani wakati wa likizo, amsomee bibi yake, ambaye Kiha ndiyo lugha yake ya kila siku na Kiswahili ni cha sokoni. Pale bibi anaposema, "Rudia," pana kosa, na kosa ni la mwandishi. Akiisha kumweleza bibi mpaka akaelewa, huyo hatababaika mbele ya karatasi ya mtihani.

Na hapa ndipo ninyi mnapoingia, ndugu wanafunzi. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, akikosa kitu cha kusoma, herufi humtoroka. Jambo hili lilijulikana zamani. Ndiyo sababu katika miaka ya 1970 lilichapishwa Mwanza gazeti liitwalo Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu waliotoka tu katika madarasa kama haya yenu. Karatasi moja ya binti wa Kasulu, ikibandikwa kwenye mlango wa duka la kijijini, yaweza kufanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa watu wachache.

Wanafunzi kuandika huku wakisoma si jambo geni nchini. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi Makerere mwaka 1943, aliliandikia barua gazeti la Tanganyika Standard. Na mwaka 1969 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walianzisha gazeti lao, Cheche. Lilikuwa la Kiingereza, juu ya siasa na uchumi wa Afrika. Hawakuwa na kiwanda cha kupiga chapa. Walipiga taipu na kurudufu kurasa. Kati ya wahariri walikuwako Karim Hirji, aliyekuwa akisoma hesabu, Henry Mapolu, na Zakia Meghji. Mwezi wa Septemba 1970 toleo zima lilijaa insha moja ndefu ya Issa Shivji, na baadaye insha hiyo ikawa kitabu. Novemba mwaka huo huo serikali ikalipiga marufuku gazeti hilo, likiwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Je, masomo yao yaliharibika? Hirji alikuja kuwa profesa wa takwimu za utabibu. Zakia Meghji mwaka 2006 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania. Sisemi kwamba kila aandikaye ubaoni atakuwa waziri. Lakini tazameni jambo moja: hawakufanya kazi peke yao. Mmoja akiwa na mtihani, mwingine hushika kazi. Binti yetu naye atafute wenzake wawili au watatu, na mmoja wao awe wa mwaka wa kwanza. Maana kozi ya chuo ni ya muda, na karatasi yenye mwandishi mmoja hufa siku anayofunga sanduku lake kurudi nyumbani.

Neno moja zaidi juu ya majina ya watu. Kijijini jina likiandikwa vibaya haliondoki upesi. Mwanafunzi akisikia kwamba fulani amekula fedha za kisima, asiandike kwa kuwa amesikia. Aende kwa fulani, amwulize, na jibu lake aliandike pia. Asipopata nafasi ya kwenda, aiache habari hiyo, aandike mihogo. Tena aombe ruhusa ya mkuu wa chuo kabla ya kubandika karatasi ya kwanza.

Sasa ni kazi ya darasa. Mwalimu, wagawie watu karatasi, kila watu watatu karatasi moja. Mwandikieni barua mwanafunzi mmoja wa chuo mnayemjua, awe wa Kasulu au wa Kibondo. Mwambieni ni jambo gani moja la shamba, la afya au la ufundi mngependa aliandike kwa maneno mepesi. Sentensi nne zatosha. Wekeni tarehe juu, mkono wa kulia, na majina yenu chini. Asiyeweza kuandika bado, ataje maneno, na mwenzake aandike. Mtu aendaye mnadani juma hili azichukue barua hizo. Majibu yakifika, yasomeni kwa sauti darasani, na neno lililomshinda mtu lipigiwe mstari, lirudishwe kwa mwandishi.